Kutoka kambini hadi Bungeni: Njia nyembamba ya askari wa Migori na Homa Bay

KILA uchaguzi mkuu unapokaribia, vijiji vya Migori na Homa Bay hupata wagombea wa kila aina. Huja walimu waliostaafu, mawakili, wahandisi, wafanyabiashara kutoka Nairobi na watu waliowahi kuwa karibu na wakuu wa chama. Anayeonekana kwa nadra katika orodha hiyo ni mwanajeshi mstaafu.

Huenda hali hiyo ikabadilika. Tangu Jeshi la Ulinzi la Kenya (KDF) lilipovuka mpaka na kuingia Somalia mnamo Oktoba 2011, kizazi kipya cha Wakenya walioviona vita kwa macho yao kimekuwa kikirejea nyumbani. Wengi wao hustaafu wakiwa bado na nguvu, wana nidhamu ya kazi, na wanaheshimiwa na majirani. Ni jambo la kawaida kwamba baadhi yao watajiuliza, hasa kuelekea uchaguzi mkuu wa mwaka wa 2027, kwa nini mtu aliyeihatarisha roho yake kwa ajili ya nchi asiaminiwe kuiwakilisha Bungeni.

Swali hilo lina historia ndefu katika eneo hili ambalo zamani liliitwa Kavirondo Kusini, kisha Nyanza Kusini. Ni eneo lililotoa wapagazi na askari kwa maelfu katika vita viwili vya dunia, lakini wanasiasa wake mashuhuri hawakupitia kambini. Uchunguzi wa historia unaonyesha kwamba kilichomzuia askari hakikuwa uhaba wa ushujaa, wala dharau ya wapiga kura. Alizuiwa na milango mitatu: lugha, shaka ya serikali na tiketi ya chama. Miwili ya kwanza imefunguka kwa kiasi kikubwa. Wa tatu ungali na kufuli.

Vita vilivyofika Karungu

Itakumbukwa kwamba Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vilifika hapa mapema mno. Mnamo Septemba 1914 Wajerumani walivuka kutoka Tanganyika na kuuteka mji wa Kisii, kabla ya kurudi nyuma baada ya mapigano ya Septemba 12. Ghuba ya Karungu, ambayo leo imo katika Kaunti ya Migori, iligeuka kuwa kituo cha kijeshi cha Waingereza. Kutoka upande huo wa ziwa walielekea Shirati, ng’ambo ya mpaka, na kuiteka Januari 1915. Wakazi wa mwambao huo waliona meli zilizobeba mizinga kabla hawajawahi kuona sanduku la kura.

Lakini wengi hawakupewa bunduki. Walipewa mizigo. Kikosi cha Wapagazi, ambacho jina lake lingali hai katika mitaa ya Kariokor jijini Nairobi na Kariakoo jijini Dar es Salaam, kiliwakusanya wanaume wa Nyanza kwa wingi na kuwapeleka kusini kufuata majeshi. Zaidi ya wapagazi 40,000 wa Afrika Mashariki walikufa katika vita hivyo, wengi kwa maradhi na lishe mbovu kuliko kwa risasi.

Vita vilipokwisha, malalamiko yalikuwa mengi: kodi, kipande na kazi za lazima. Hata hivyo, waliosimama kuyasema hawakuwa wale waliorudi na makovu mabegani. Chama cha Young Kavirondo, kilichoanzishwa katika mkutano wa Lundha, Gem, mnamo Desemba 1921, kiliongozwa na walimu waliosomea Maseno, akiwemo Jonathan Okwiri. Ni wao waliojua kuandika barua kwa gavana. Mpagazi alikuwa na kisa, mwalimu alikuwa na kalamu, na serikali ilisikiliza kalamu.

Desturi iliyoanza hapo ndiyo iliyoendelea kwa muda wa nusu karne.

Waliorudi kutoka Burma

Katika Vita Vikuu vya Pili, karibu Waafrika 98,000 kutoka Kenya walivaa sare. Walipigana Uhabeshi mwaka wa 1941, wakapelekwa Madagascar mwaka wa 1942, na hatimaye Burma mwaka wa 1944, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita Bonde la Kabaw katika mvua na malaria. Wengine hawakufika. Meli ya Khedive Ismail, iliyobeba pamoja na wengine wapiga mizinga wa Afrika Mashariki, ilizamishwa katika Bahari ya Hindi mnamo Februari 12, 1944, na watu 1,297 wakaangamia.

Waingereza waliamini kwamba kuna makabila “ya kivita”, na kwa imani hiyo waliwapendelea Wakamba na Wakalenjin katika vikosi vya bunduki. Wengi wa wanaume wa Nyanza waliwekwa katika ujenzi, udereva, upishi, matibabu na kazi za mawasiliano. Walirejea wakiwa wameziona nchi za mbali, wamewaona wazungu wakiogopa na kufa kama watu wengine, na wamejifunza stadi zilizowapa riziki.

Kwingineko nchini, kurejea huko kulizaa siasa moja kwa moja. Bildad Kaggia alitumikia jeshi Mashariki ya Kati na Uingereza, akarudi akiwa amekata shauri kuupinga ukoloni. Alijitosa katika vyama vya wafanyakazi jijini Nairobi na kuwa miongoni mwa Sita wa Kapenguria. Mwenzake katika kesi hiyo, Paul Ngei, naye alikuwa ameonja maisha ya KAR kabla ya kwenda Makerere. Wote wawili baadaye waliingia Bungeni. Waruhiu Itote alipigana Burma kisha akaingia msituni kwa jina la Jenerali China.

Katika kesi hiyohiyo ya Kapenguria mshtakiwa wa pekee kutoka jamii ya Waluo, Achieng Oneko, alikuwa mwanahabari wa gazeti la Ramogi. Tofauti hii haikutokea kwa bahati. Kaggia na Itote walirudi katika eneo ambalo ardhi ilikuwa imechukuliwa na walowezi, na mtu aliyepigania himaya alijikuta hana pa kulima. Askari wa Karachuonyo au Nyatike alirudi akakuta shamba la baba yake lipo. Alitumia kiinua mgongo chake kununua ng’ombe, nyavu, cherehani au kufungua duka. Hasira yake ilikuwa ya kodi na bei ya mazao, na hasira ya aina hiyo huzaa vyama vya ushirika kabla ya kuzaa vita vya msituni. Si ajabu kwamba Jaramogi Oginga Odinga, aliyekuwa mwalimu, alianza safari yake kwa kuanzisha shirika la akiba na biashara la Waluo mwaka wa 1947 akiuza hisa kwa watu wa kawaida.

Mlango wa Kiingereza

Waafrika walipiga kura kwa mara ya kwanza kuwachagua wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria mnamo Machi 1957. Masharti ya mpiga kura yaliwekwa kwa mizani maalumu. Elimu, kipato, mali na umri vilihesabiwa, na mtu aliyetimiza masharti kadhaa angeweza kupewa hadi kura tatu. Jambo ambalo husahauliwa ni kwamba utumishi wa muda mrefu na wa kusifika jeshini nao ulihesabiwa. Hati ya kuachishwa jeshi ilikuwa na thamani katika dawati la uandikishaji.

Hivyo askari mkongwe wa Nyanza Kusini aliweza kuwa mpiga kura mwenye uzito. Lakini kuwa mjumbe lilikuwa jambo jingine. Shughuli za Baraza zilifanywa kwa Kiingereza, na hata Katiba ya uhuru ilimtaka mgombea awe anaweza kusema na kusoma Kiingereza kiasi cha kushiriki kikamilifu katika mijadala.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Lugha ya KAR ilikuwa Kiswahili. Amri, mafunzo, nyimbo za kwata na maongezi ya Mluo na Mkamba katika handaki moja vyote vilikuwa kwa Kiswahili. Jeshi ndilo lililomfunza kijana wa Rusinga au Muhuru kuzungumza na Mkenya asiye wa kabila lake. Bila shaka hiyo ni elimu ya uraia kuliko nyingi zilizotolewa darasani. Lakini elimu hiyo haikutambuliwa mlangoni mwa Baraza. Aliyejua lugha ya kuwaunganisha Wakenya aliambiwa hajui lugha ya kuwatungia sheria.

Matokeo yake yalionekana katika orodha ya viongozi. Mjumbe wa kwanza wa Nyanza Kusini mwaka wa 1957 alikuwa Lawrence Oguda, mtu wa elimu. Tom Mboya, ambaye wazazi wake walitoka Rusinga, alichaguliwa Nairobi akiwa amepitia ukaguzi wa afya ya umma na uongozi wa vyama vya wafanyakazi. Samuel Ayodo wa Kasipul, aliyeingia katika baraza la kwanza la mawaziri, alikuwa mwalimu aliyesomea Marekani. Joseph Odero-Jowi, aliyechukua wizara ya mipango ya uchumi baada ya Mboya kuuawa Julai 5, 1969, alikuwa mwanauchumi.

Mzee Jomo Kenyatta alipoagiza mnamo Julai 1974 kwamba Kiswahili kitumike Bungeni, mlango huo ulianza kufunguka. Lakini kijana aliyekuwa na umri wa miaka 20 Burma alikuwa sasa na miaka 50 na ushei, ana wajukuu, na siasa zilikwisha kushikwa na wengine. Katiba ya mwaka wa 2010 ilimaliza mjadala kwa kukifanya Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi za Bunge.

Masharti ya elimu hayajaacha kujaribu kurudi kwa sura nyingine. Sheria ya Uchaguzi ya 2011 ilifanyiwa marekebisho ya mara kwa mara kuhusu shahada ya chuo kikuu, hadi Mahakama Kuu ilipobatilisha sharti hilo kwa wawakilishi wa wadi mnamo Oktoba 2021. Mstaafu wa jeshi aliyeingia kambini akiwa na cheti cha sekondari ana sababu ya kufuatilia mijadala hiyo kwa makini.

Mpishi wa Kanyadhiang na rubani wa Arizona

Hakuna familia inayoonyesha jambo hili kwa uwazi zaidi kuliko ile iliyotoka Kanyadhiang, karibu na Kendu Bay, katika Kaunti ya Homa Bay. Hussein Onyango Obama alihudumu KAR katika Vita Vikuu vya Pili akiwa mpishi wa afisa wa Kiingereza. Baadaye alihamia Kogelo, Alego. Sare haikumpa cheo chochote katika siasa. Mwanawe Barack, aliyezaliwa Kanyadhiang, alipita njia ya shule: Maseno, kisha Hawaii mwaka wa 1959, kisha Harvard. Alirudi akiwa mwanauchumi, na mwaka wa 1965 akathubutu kuandika makala ya kukosoa sera ya uchumi iliyotolewa na serikali chini ya uongozi wa Mboya, mtu mwenye asili ya ng’ambo tu ya ghuba.

Mjukuu wa mpishi yule alipogombea urais wa Marekani mwaka wa 2008, mpinzani wake alikuwa John McCain, mfano halisi wa mkongwe wa vita aliyeingia katika siasa za kitaifa. Mengi yalisemwa wakati huo kuhusu mateso ya McCain, na kwa haki. Ndege yake iliangushwa Hanoi mnamo Oktoba 26, 1967, akavunjika mikono na mguu, akashikwa mateka na kuachiliwa Machi 1973. Alichaguliwa katika Baraza la Wawakilishi mwaka wa 1982 na katika Seneti mwaka wa 1986.

Lakini aliyeitazama safari hiyo kwa juujuu aliona kovu na kura tu. Katikati palikuwa na mengine. Baba na babu wa McCain walikuwa maamiri. Mwaka wa 1977 alipewa kazi ya kuliwakilisha Jeshi la Wanamaji katika Seneti, na hapo akajifunza jinsi sheria zinavyopikwa na nani anamjua nani. Alioa katika familia tajiri ya Arizona na kupata makao ya kisiasa. Chama cha Republican kilikuwa tayari kumpokea. Vita vilimpa jina. Ofisi, fedha na chama ndivyo vilivyompa kiti.

Kenya ilitangaza sikukuu Novemba 6, 2008 kusherehekea ushindi wa Obama, na Nyanza ilicheza ngoma. Funzo lenyewe halikuzingatiwa sana: nchini Marekani kwenyewe, ambako mkongwe wa vita huenziwa kuliko popote, sare haikutosha kumshinda mtoto wa njia ya shule. Wala mpishi wa KAR hakuwa na Seneti ya kumfunza siasa.

Shaka iliyotanda

Mlango wa pili ulifungwa baada ya uhuru. Mnamo Januari 24, 1964, askari wa kikosi cha 11 cha Kenya Rifles waliasi Lanet, Nakuru, na serikali changa ikalazimika kuomba msaada wa majeshi ya Uingereza. Mwaka wa 1971 njama ya kuipindua serikali ilifichuliwa. Mbunge Gideon Mutiso alifungwa, na mkuu wa majeshi, Meja Jenerali Joseph Ndolo, akalazimika kung’atuka. Kuanzia hapo mwanajeshi aliyezungumza siasa hakuonekana kama raia mwenye maoni. Alionekana kama hatari.

Pigo kubwa zaidi kwa Nyanza lilikuja Agosti 1, 1982. Jaribio la mapinduzi lililoongozwa na askari wa ngazi ya chini wa Jeshi la Wanahewa, Hezekiah Ochuka, mzaliwa wa Nyakach, lilidumu kwa saa chache lakini athari zake zilidumu kwa miaka. Jeshi la Wanahewa lilivunjwa na kuundwa upya. Mamia walifikishwa mbele ya mahakama za kijeshi. Raila Odinga aliwekwa kizuizini. Ochuka alinyongwa mwaka wa 1987.

Baada ya hapo, Mluo aliyeacha jeshi kisha akaonekana katika mikutano ya siasa alijua atafuatwa na macho. Familia nyingi ziliwashauri vijana wao wakae kimya, walime, wafungue duka la dawa au wanunue matatu. Ni vigumu kukipima kimya cha namna hii kwa takwimu, lakini nani asiyejua kwamba aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka?

Majirani walichagua njia nyingine

Kutoka Isebania hadi Sirari ni hatua chache, lakini upande wa pili historia ni tofauti. Tanzania ililivunja jeshi lililoasi mwaka wa 1964 na kuunda jipya lililofungamana na chama tawala. Chini ya mfumo wa chama kimoja, mwanajeshi aliweza kuwa mwanachama na kada. Jakaya Kikwete aliondoka jeshini akiwa Luteni Kanali mwaka wa 1992, mfumo wa vyama vingi ulipolazimu siasa na jeshi vitengane, na mwaka wa 2005 akachaguliwa Rais. Abdulrahman Kinana, Kanali mstaafu, alikuwa Spika wa kwanza wa Bunge la Afrika Mashariki lililoanza kazi mwaka wa 2001.

Uganda ilikwenda mbali zaidi. Yoweri Museveni alitwaa madaraka kwa mtutu mnamo Januari 1986, na jeshi likapewa viti kumi katika Bunge.

Je, Kenya iige? Jibu linahitaji tahadhari. Mfumo wa Tanzania ulimfundisha askari siasa za chama kimoja. Ule wa Uganda umewaweka Bungeni watu wanaopokea amri kutoka kwa mkuu wa serikali wanayopaswa kuihoji. Kenya, pamoja na dhuluma zote zilizofanywa kwa jina la usalama, ilibaki na kanuni kwamba bunduki haina kura. Kifungu cha 239 cha Katiba kinavikataza vyombo vya usalama kuegemea chama chochote, na anayetaka ubunge hana budi kuacha utumishi wa umma miezi sita kabla ya uchaguzi. Kanuni hiyo ni ya thamani. Kosa limekuwa kumchanganya askari aliye kazini na raia aliyekwisha kuvua sare.

Wachache waliovuka

Wapo Wakenya waliovuka. Meja mstaafu Marsden Madoka, aliyewahi kuwa mpambe wa Rais Kenyatta, alikuwa Mbunge wa Mwatate na waziri. Meja Jenerali mstaafu Joseph Nkaissery alichaguliwa Kajiado ya Kati mwaka wa 2002 na kuwa Waziri wa Usalama wa Ndani kuanzia Desemba 2014 hadi kifo chake Julai 2017. Hata hivyo, maswali kuhusu operesheni ya kijeshi ya mwaka wa 1984 Pokot Magharibi yalimfuata hadi mbele ya kamati ya Bunge. Sare huja na sifa zake, na huja na hesabu zake pia.

Homa Bay nayo ina mfano wake, ingawa haukutoka jeshini. Phoebe Asiyo wa Karachuonyo alivaa sare ya Idara ya Magereza na kupanda hadi ngazi ambayo hakuna mwanamke Mwafrika aliyekuwa ameifikia. Humo alipigania wafungwa wanawake watengwe na wanaume. Kabla ya uhuru alikuwa ameiongoza Maendeleo ya Wanawake. Alichaguliwa Mbunge mwaka wa 1979, akarejea Bungeni katika uchaguzi wa vyama vingi wa 1992, na mwaka wa 1997 akawasilisha hoja ya kuwatengea wanawake nafasi za uongozi. Hoja hiyo ilikataliwa, lakini mengi yaliyomo yalikuja kuonekana katika Katiba ya 2010. Alifariki Julai 2025.

Yafaa kuitazama safari ya Asiyo kwa makini. Hakuomba kura kwa sababu alivaa sare. Aliomba kwa sababu sare ilimfundisha jambo mahususi kuhusu nchi, yaani jinsi serikali inavyowatendea watu wasio na sauti, na alikuwa na mtandao wa wanawake vijijini walioelewa alichokuwa akisema.

Kufuli iliyobaki

Mlango wa tatu ndio mgumu leo. Kwa miongo kadhaa, hadi kifo cha Raila Odinga mnamo Oktoba 2025, aliyepata tiketi ya chama chake katika kaunti hizi mbili mara nyingi alikuwa amemaliza nusu ya safari. Mchujo ulihitaji fedha, wajumbe na ukaribu na wakuu. Mwanajeshi aliyetumia miaka 20 akihama kutoka kambi hadi kambi hana kimojawapo. Hakuhudhuria mazishi, hakuchangia harambee, hakukaa katika vikao vya chama kwa sababu sheria ilimkataza. Anarejea nyumbani akiwa shujaa asiyefahamika.

Sasa kwa kuwa ukuta ule mkubwa wa kisiasa umeanguka, wengi watajaribu bahati, na baadhi ya wastaafu watakuwa miongoni mwao. Wapiga kura wanastahili kuwapokea kwa heshima, kisha wawaulize maswali magumu.

Swali la kwanza ni la utawala. Kambini neno la mkuu ni amri. Katika wadi za Nyatike na Suba neno la kiongozi ni mwanzo wa ubishi. Mgombea ataweza kukaa na wakulima wa miwa wa Awendo wanaodai malipo, akasikiliza matusi, na asiite askari?

Swali la pili ni Migingo. Kisiwa hicho kidogo kilichozozaniwa sana na Kenya na Uganda kuanzia mwaka wa 2008 ni chambo kitamu kwa mwanajeshi anayetafuta kura za wavuvi wa Muhuru na Sori. Atajaribiwa kuahidi kwamba yeye, anayejua bunduki, atawafukuza maafisa wa Uganda. Ahadi hiyo haina maana, kwa kuwa mbunge hana kikosi. Anachoweza ni kuihoji serikali kuhusu mazungumzo, leseni na usalama wa wavuvi. Mstaafu aliyeona vita kweli ndiye anayepaswa kuwa wa mwisho kuvitamani ziwani.

Swali la tatu ndilo zito kuliko yote, na ndilo linalompa mkongwe sababu halisi ya kwenda Bungeni. Mnamo Januari 15, 2016, wapiganaji wa Al-Shabaab waliivamia kambi ya KDF ya El Adde, Somalia. Serikali ya Kenya haijawahi kutangaza hadharani idadi kamili ya wanajeshi waliouawa. Wazazi walizika, wengine wakisubiri kwa muda mrefu mabaki yatambuliwe, na taifa halikuambiwa lilipoteza wangapi. Bunge lina kamati ya ulinzi. Bunge ndilo linaloidhinisha jeshi litumike ndani ya nchi kurejesha amani, kama lilivyofanya Juni 2024 wakati wa maandamano ya vijana. Ni wabunge wangapi waliopiga kura siku hiyo waliojua maana ya kumkabidhi askari wa vita kazi ya kutuliza umati?

Mbunge aliyewahi kubeba jeneza la mwenzake angeweza kuuliza kwa mamlaka ambayo wakili hana: walikufa wangapi, kwa kosa la nani, wajane wanalipwa nini, na waliorudi wakiwa na majeraha ya akilini wanatibiwa wapi. Iwapo mgombea mstaafu hana nia ya kuyauliza hayo, basi sare yake ni pambo la kampeni, naye hana tofauti na mfanyabiashara aliyekuja na helikopta.

Mpagazi wa Karungu alirudi na kisa, akamwachia mwalimu akiandike. Askari wa Burma alirudi na Kiswahili cha kambini, akaambiwa hakifai Bungeni. Mstaafu wa leo anajua kuandika, lugha yake ni lugha rasmi ya Bunge, na sheria inamruhusu. Vyama vinavyopanga michujo katika Migori na Homa Bay vina wajibu wa kumpa nafasi sawa na wenye fedha, na yeye ana wajibu wa kuja na jambo la kusema. Wapiga kura, kwa upande wao, wasimkatae kwa kuwa alikuwa askari, na wasimchague kwa sababu hiyo pekee.